Tujuane Kwanza, Mchezo Baadaye

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walinena wahenga, na usemi huu huthibitika upesi katika kundi la vijana waliokutanishwa wacheze kabla hawajajuana. Mwalimu aliyepata kusimamia chama cha maigizo shuleni anayafahamu haya. Mwanafunzi mmoja hucheka, wa pili hununa, wa tatu haonekani tena juma linalofuata, na mwalimu hubaki akijiuliza walikosania wapi.

Suala hili lina uzito zaidi katika mchezo ambao ungewafaa mno wanafunzi wetu, nao ni mchezo wa kuigiza mezani. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye hueleza mahali na mambo yanayozuka. Kila mmoja wa waliosalia humwongoza mhusika mmoja, akatamka kwa kinywa chake anachokusudia kutenda. Panapokuwa na shaka iwapo tendo litafaulu, hutupwa dadu. Hapana jukwaa, hapana hadhira, wala hapana mshindi. Hadithi hutungwa papo hapo na wote waliopo.

Mtu wa kisiwani Rusinga akielezwa haya hatashangaa sana. Katika boma la Waluo la zamani, watoto walikusanyika usiku katika nyumba iliyoitwa siwindhe, chini ya ulezi wa bibi aliyeitwa pim. Humo walitegana vitendawili, wakasimuliana ngano na kufunzwa mwenendo. Lakini watoto wa siwindhe walikuwa na hazina ambayo wanafunzi wa leo hawana: walikuwa wanajuana. Ilifahamika nani ni yatima, nani anaogopa giza, na mama ya nani ametoka ukoo gani. Bibi aliposimulia habari za zimwi, alijua ni mtoto yupi wa kumkalisha karibu naye.

Je, mwalimu wa leo anajua nini? Tutazame Rusinga yenyewe. Wenyeji wake kwa asili ni Abasuba, ambao wahenga wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda wakiwa na lugha ya Kibantu. Leo wengi wa wakazi wa Rusinga husema Dholuo, ilhali Kisuba kimehifadhika zaidi katika kisiwa jirani cha Mfangano. Kisiwa kimeunganishwa na mji wa Mbita, na shughuli za uvuvi huwaleta watu kutoka pande nyingine za ziwa. Kwa hiyo darasa moja la sekondari huweza kuwa na mtoto ambaye nyanya yake husema Kisuba, mwingine aliyelelewa kwa Dholuo, na wa tatu aliyehamia juzi kutoka mjini akiwa na Kiswahili cha haraka haraka na Sheng. Wote watatu wamevaa sare moja, na mwalimu hudhani ni kitu kimoja.

Hapa ndipo mwanaisimu anapolazimika kutia neno. Swali la kwanza la mchezo wa maneno ni: tutacheza kwa lugha gani? Anayekimudu Kiswahili zaidi atasema zaidi, na anayesema zaidi ndiye atakayeiongoza hadithi. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa mzito wa akili, kumbe anatafuta neno. Isitoshe, mchezaji anayetaka kuchekesha aghalabu humpa mhusika wake mpumbavu lafudhi ya mtu fulani. Ikiwa lafudhi hiyo ni ya mama yake aliyeketi mkabala naye, mchezo umekwisha, hata kama dadu zingali zinatupwa.

Mwaka 1952, mtaalamu Gregory Bateson aliwatazama tumbili wachanga wakicheza katika bustani ya wanyama mjini San Francisco. Waling'atana bila kuumizana, naye akafikia hitimisho kwamba walikuwa wakipeana ishara yenye maana ya "huu ni mchezo". Bila ishara hiyo kueleweka kwa pande zote mbili, kung'ata ni kung'ata tu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji tumbili watufunze hayo, kwani tunao utani. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kutupiana maneno makali hata msibani, na hapana aliyekasirika. Lakini utani haukuwa wa kila mtu na kila mtu. Ulitaka kwanza ujue huyu ni nani na ametoka wapi. Aliyemtania asiye mtani wake alikuwa mtukanaji. Kujuana kulitangulia, mzaha ukafuata.

Tuchukue mfano. Msimulizi anatunga safari ya mashua kutoka Rusinga kwenda Mfangano. Yupo nahodha, yupo mvuvi wa omena, yupo mganga, yupo mwanamke mchuuzi wa samaki. Usiku tufani inavuma, taa zinazimika, na dadu inaamua kwamba mvuvi amezama. Ni hadithi nzuri, nayo imetoka katika maisha ya watu wenyewe. Lakini katika vijiji vya ziwani si ajabu kumpata mwanafunzi ambaye baba yake hakurudi kutoka majini. Kwa wenzake hiyo ni tufani ya mezani, na kwake ni usiku anaoukumbuka. Msimulizi hakukusudia ubaya wowote. Hakuuliza tu.

Basi na iulizwe. Kabla ya siku ya kwanza ya mchezo, kundi likutane bila dadu wala wahusika. Kila mmoja ataje jina lake na jina analopenda kuitwa. Waluo wana desturi nzuri ya pakruok, ambapo mtu husimama katikati ya ngoma akajitambulisha kwa majina ya sifa; kwa nini isianzie hapo? Kisha waafikiane kuhusu lugha, na iruhusiwe mtu kuchanganya anapokwama. Waulizane ni hadithi za namna gani wanazozipenda, na kama wanapendelea vita, mafumbo au mazungumzo. Halafu kila mmoja aandike katika kikaratasi, bila jina, jambo ambalo hataki liingizwe mchezoni. Msimulizi avisome peke yake. Asidai sababu, kwani kujuana si kuhojiana polisi. Mwisho wajaribu kisa kifupi cha nusu saa, na iwepo ishara ya kusimamisha mchezo, kama vile kuinua mkono, ambayo hapana atakayeichekea.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba vijana watajuana humo humo wakicheza. Ni kweli mchezo hujuanisha. Hata hivyo, hauwajuanishi waliokwisha kuondoka, na wanaoondoka kwanza aghalabu ni wale wanyonge ambao mwalimu alitaka kuwasaidia. Wengine watasema gharama. Mchezo huu unahitaji karatasi, penseli na dadu. Zile za pande 20 zisipopatikana, vikaratasi vyenye nambari ndani ya kopo vinatosha kabisa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa stadi za msingi. Stadi hizo hazifundishiki kwa kunakili ubaoni.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Mgeni anapojiunga na kundi lenu katikati ya muhula, msimtupie dadu na kumwambia acheze. Simamisheni hadithi kwa dakika kumi, mumweleze mlikofika, naye awaeleze yeye ni nani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mchezo huu wote ni wa ulimi. Pim alipoingia siwindhe alikuta watoto ambao boma lilikwisha kuwajuanisha. Sisi hatuna boma la namna hiyo shuleni, kwa hiyo kazi ile ya boma imetuangukia sisi, nayo huanza kwa kuuliza jina na kusubiri jibu.