Fari inawaka, lakini haiangazi

Wandugu wa kazi, na ninyi mama zetu munaobaki ku nyumba kungoja bisi irudi, leo sitaandika juu ya mishahara. Nitaandika juu ya kipande cha plastiki kilicho mbele ya motokari.

Tulikuwa watu 18 mu bisi ndogo, ku njia ya Likasi kwenda Kolwezi. Tulikuwa tunaenda kuanza posti ya asubuhi, na jua lilikuwa halijatoka. Wengi walikuwa wamelala, kofia ya kazi ku magoti. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, karibu na shofere. Mara moja akavuta volani, bisi ikayumba, vichwa vikagonga vioo. Ku upande wa kuume nikaona kinga lenye magunia matatu ya makala, na kijana aliyekuwa analisukuma. Hatukumugonga. Lakini tulipita karibu naye sana, hata gunia moja likakwaruza ubavu wa bisi.

“Papa, haukumuona?” nikamuuliza shofere.

“Minamuona wakati iko tayari mbele yangu,” akajibu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. “Fari hizi haziangazi tena. Njia minaijua mu kichwa tu.”

Njia anaijua mu kichwa, sawa. Lakini kijana wa makala, mu kichwa hakuwamo.

Tulipofika nikazunguka mbele ya bisi. Fari zote mbili zilikuwa za manjano, kama meno ya muvuta tumbaku wa miaka mingi, na juu yake ukungu. Nikaenda kwa mukubwa wa usafiri wa ile kampuni ndogo yenye kutubeba. Akawasha, akaangalia, akasema: “Delege, fari zinawaka? Zinawaka. Basi.”

Neno lile ndilo lilinifanya niandike. Kuwaka si kuangaza.

Hesabu ya meta

Motokari inayokimbia kilometa 80 kwa saa inapita meta 22 kila sekonde. Shofere mwenye macho mazuri, asiyechoka, anatumia sekonde moja ao moja na nusu kabla mguu wake haujafika ku freni. Hiyo ni meta 22 mpaka 33 zimekwenda bure. Halafu freni nayo inaomba meta zake, kama 35 ku lami kavu, na zaidi kama kuna vumbi, mvua, ao bisi imejaa watu. Jumlisha: meta 60 ao 70. Kama fari yako inaonyesha meta 30, kile utakachokiona utakuwa umekwisha kukigonga.

Shirika la wenye motokari la Marekani, AAA, lilipima jambo hili mwaka 2018. Likakuta fari za plastiki zilizozeeka zinatoa karibu 20 tu kwa 100 ya mwanga wa fari mpya. Ampuli ni nzima, bateri ni nzima, lakini mwanga unabaki ndani.

Na ule unaotoka, hautoki vizuri. Plastiki yenye ukungu inautawanya mwanga kila upande, kama kioo ulichopulizia pumzi. Njia inabaki giza, na shofere wa lori la katode anayekuja mbele anaingizwa mwanga mu macho. Kwa hiyo fari mbaya inapofusha watu wawili.

Juu ya nini fari inaingia ukungu

Wazee wetu wanakumbuka Land Cruiser za zamani zenye fari za kioo. Kioo kile kilivunjwa na jiwe, lakini hakikuwa cha manjano hata siku moja. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda viliingia mu plastiki inayoitwa polikarbonati. Ni nyepesi, haivunjiki mbio, na wanaipa umbo wanalotaka. Ubaya wake ni mbili: ni laini, na haipatani na jua. Ndiyo maana ku kiwanda wanaifunika na verni nyembamba inayozuia mionzi ya jua. Verni hiyo inakulwa na jua mwaka kwa mwaka. Ikiisha, plastiki yenyewe inaanza kuungua, inageuka manjano, inapasuka vipasuko vidogo ambavyo jicho halivioni.

Kwetu mambo yanakwenda mbio zaidi. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1 400, na pale juu mionzi ya jua ni mikali kuliko kule chini ku bahari. Ongeza vumbi la njia ya mugodi. Na ongeza tabia yetu: shofere anakamata kitambaa kikavu, anapangusa fari yenye vumbi. Ile njo papiye emeri yenyewe! Fari yenye vumbi inamwagiwa maji kwanza, halafu inapanguswa.

Tambua ugonjwa kabla ya dawa

Kuna ukungu wa inje na ukungu wa ndani. Osha fari, ikauke, halafu umwage maji safi juu yake. Kama inageuka safi wakati ina maji, na ukungu unarudi ikikauka, ubaya uko inje. Hiyo inapona kwa mikono.

Kama unaona matone ndani, maji yameingia. Mpira unaofunga nyuma umezeeka, ao plastiki imepasuka, ao kile kitundu kidogo cha kupumua kimezibwa na vumbi. Kusugua inje hakutasaidia kitu. Itoshe, uifungue nyuma, iache ikauke, safisha kitundu, badilisha mpira.

Na angalia kile kioo cha feza kilicho nyuma ya ampuli. Kama kimegeuka cheusi ao kinabambuka, fari hiyo imekufa. Usipoteze nguvu, tafuta ingine.

Siku ya Mungu mu kivanja cha shofere

Tulichanga franka 2 000 kila mutu, watu 18. Tukanunua papiye emeri ya namba 800, 1 000, 2 000 na 3 000, dawa ya kung’arisha rangi ya motokari, skochi, na verni ya kupuliza yenye kuzuia mionzi ya jua. Mekanisiye mumoja wa mu kartie akatuonyesha.

Kwanza kuosha na sabuni. Pili, kubandika skochi pembeni yote ili rangi ya motokari isikwaruzwe. Tatu, kusugua na 800 yenye maji, mukono ukienda upande mumoja. Maji yanatoka ya manjano: ile ni verni ya zamani inaondoka. Usiache katikati, endelea mpaka maji yatoke meupe kama maziwa. Halafu 1 000, ukikata mistari ya kwanza kama musalaba. Halafu 2 000. Halafu 3 000. Maji kila wakati. Usiruke namba, sababu kila namba inafuta alama za ile iliyotangulia. Fari itaonekana mbaya kuliko mwanzo, yote nyeupe. Watoto wa shofere walianza kucheka, wakasema baba ameharibu bisi. Usiogope. Unapopitisha dawa ya kung’arisha na kitambaa laini, inafunguka.

Wengi wanaishia pale, na pale ndipo kosa. Fari iliyosuguliwa haina tena verni. Jua litaigeuza manjano kisha miezi michache. Pangusa na alkoli, usiguse tena na vidole, halafu puliza verni mu kivuli, pasipo vumbi. Mara mbili nyembamba, si mara moja nzito, na uache ikauke vizuri.

Dawa ya meno? Inasugua kidogo, kweli, na inasaidia siku chache. Lakini haiachi ulinzi wowote. Dawa ya kufukuza mbu inayopakwa ku ngozi ni mbaya zaidi: inayeyusha plastiki juu, fari inang’aa ile siku, kisha inaharibika kabisa. Na wewe unayetia ampuli ya wati 100 mahali pa wati 55 ili “ipige ukungu”: unapika plastiki, unaunguza waya, na ukungu unabaki palepale.

Fari ya kushoto

Fari ya kuume ilipona. Ya kushoto, kioo chake cha ndani kilikuwa kimeungua. Hapo tulihitaji piesi, na piesi si kazi ya franka 2 000.

Nilirudi kwa mukubwa wa usafiri na barua, na foto mbili tulizopiga usiku mbele ya ukuta: mwanga wa kuume na mwanga wa kushoto. Kisha majuma matatu wakaleta fari ya okazyo. Shofere akaifunga, tukasimamisha tena bisi mbele ya ukuta. Ilikuwa inapiga upande mubaya.

Sikilizeni vizuri hapa. Mwanga wa chini, ule shofere wanaita kodi, ukiupiga ku ukuta una mustari juu, na mustari ule unapanda upande mumoja. Kwetu Congo tunatembeza ku kuume, kwa hiyo unapaswa kupanda ku kuume, kuangaza pembeni ya njia, pale watu wa miguu na makinga wanapita. Zambia wanatembeza ku kushoto, Japani pia. Fari iliyotengenezwa kwa Japani inapanda ku kushoto. Ukishavuka Kasumbalesa, mwanga ule unaingia mu macho ya anayekuja, na kijana wa makala anabaki mu giza. Bei nafuu, lakini si fari yetu. Ukinunua piesi, uliza ni ya volani gani, na kabla ya kulipa yote, ipime ku ukuta.

Tuliirudisha. Wakaleta ingine kisha siku nne.

Maneno ya wenzangu

Kuna wandugu walinikasirikia. “Delege, umefundisha patron kwamba sisi tutatosha feza yetu kurekebisha bisi yake.” Nimewaza sana neno hilo, na wana haki. Fari ni kazi ya mwenye bisi. Shofere wetu analipwa kwa siku. Aliogopa kusema, sababu bisi ikisimama ku garaji, yeye hakuli. Ndiyo maana alikuwa anatembeza kwa kichwa.

Lakini usiku wa kesho yake tulipaswa kupanda bisi ileile. Tulisugua juu ya usiku ule. Halafu tuliandika, juu ya usiku zote zitakazokuja. Risiti ya franka 36 000 imeambatanishwa ku barua, na mpaka leo tunaidai.

Fahamuni: mufanyakazi akiumia mu njia ya kutoka ku nyumba kwenda ku kazi, ao kurudi, sheria ya CNSS ya mwaka 2016 inahesabu ni ajali ya kazi. Basi bisi nayo ni jambo la kazi. Delege, ipelekeni ku komite ya usalama na usafi, iandikwe mu kitabu cha mukutano, si kwa mudomo tu. Ombeni fari zipimwe ku ukuta kila mwezi. Na shofere anayesema “sioni” asikatwe siku yake.

Mama, bisi ikifika mbele ya mulango kumukamata bwana yako, toka kidogo uangalie mbele yake. Kama fari ni ya manjano, mwambie bwana, na bwana amwambie delege. Kijana wa makala ninamuona mara na mara, palepale, ku mupando. Sasa ninamuona toka mbali.