Fahamu: Fidia ya mfanyakazi anayeumia kazini

Kibondo na Kasulu, mwajiri mara nyingi ni mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea au ya kuranda mbao, na vijana watatu au wanne. Kijana akikatwa vidole na msumeno, huanza mchango wa matibabu, kisha lawama.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Unamhusu mwajiri mdogo kama anavyohusika mwenye kiwanda. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara. Tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Wafanyakazi wanne wa shilingi 200,000 kila mmoja wanamgharimu mwajiri shilingi 4,000 kwa mwezi. Ni fedha yake mwenyewe: kumkata mfanyakazi ni kosa, hata mkikubaliana.

Aliyeumia hutibiwa, na akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 humpa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa mkupuo. Akifariki, wategemezi hulipwa.

Ugumu, kwa maoni yangu, ni karatasi kuliko fedha. Malipo hukokotolewa kwa mshahara, na kibarua anayelipwa mkononi jioni hana kinachouthibitisha. Daftari la malipo lenye sahihi linasaidia. Ajali nayo itolewe taarifa ndani ya siku 7.