Asilimia Ngapi Inaruhusiwa?

Ikifika miezi ya kukusanya tasnifu, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu. AI mwisho ni asilimia ngapi?" Nikichelewa kujibu, unafuata wa pili: "Yangu imesoma 43. Niipitishe wapi ishuke?" Marahaba. Sasa nisikilizeni wote kwa pamoja, maana kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Hiyo asilimia si kipimo cha malaria, kwamba kuna mdudu damuni na mashine imemwona. Programu ya kubaini akili mnemba haijui nani kaandika. Haikuwepo chumbani kwako. Inachopima ni jinsi maneno yako yanavyotabirika: baada ya neno hili, je, umeweka lile ambalo kompyuta nayo ingeliweka? Sentensi zikiwa laini, zinalingana urefu, maneno ni yale ya kila siku, programu inanusa mashine. Haya, nani mwingine anaandika hivyo? Ni mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani, akazoeshwa tangu kidato cha kwanza kufungua kila aya kwa maneno yaleyale na kuifunga kwa maneno yaleyale. Yaani wewe.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipa programu saba za namna hiyo insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote salama. OpenAI, wenye ChatGPT yao, walitoa programu ya kubaini Januari 2023, na Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kwa maelezo yao wenyewe, ilikuwa ikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Ikiwa waliounda mashine wameshindwa kuitambua, lekchara anayemnyima mtu alama kwa namba hiyo peke yake ana kesi ya kujibu. Hili huwaambia wenzangu vikaoni, na si wote wanaolipenda. Tena asilimia hiyo msiichanganye na ripoti ya kufanana: ile inakuonyesha ulikonakili, chanzo kwa chanzo. Hii haina chanzo cha kuonyesha.

Najua mmeanza kuchekelea. Subirini.

Kama kipimo hakiaminiki, mbona nawakataza zile programu za "kuifanya iwe ya kibinadamu", na vijana wa steshenari jirani na chuo wanaojitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wanashusha AI hadi sifuri? Kwa sababu kazi yao yote ni kubadilisha maneno ili yasitabirike, na katika sentensi ya kitaalamu neno lisilotabirika mara nyingi ni neno lisilo sahihi. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake wawili walifichua makala za kisayansi zilizopitishwa kwenye mashine za aina hii. Akili mnemba ilikuwa imegeuka "fahamu ya kughushi". Uwiano wa ishara na kelele, jambo la kila siku kwa mhandisi, ukawa wa "bendera na ghasia". Kwingine saratani ya matiti ikaitwa "hatari ya kifuani". Na hizo zilikuwa makala zilizokwisha chapishwa majaridani.

Niliyoyaona mimi ni madogo zaidi. Nimesoma sura ya tatu ya tasnifu ambamo sampuli nasibu ilikuwa imegeuzwa, kwa Kiingereza cha ajabu, kitu chenye maana ya "kionjo cha bahati mbaya". Nikamuuliza mwenyewe: wahojiwa uliwapataje? Akajibu bila wasiwasi kwamba aliwachagua kwa makusudi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakijua jambo lile. Utafiti wake wa kweli ulikuwa mzuri tu! Ila kilichoandikwa kilikuwa utafiti mwingine, na yeye hakuwa na habari. Hakuna programu iliyomkamata. Namba yake ilikuwa chini kabisa.

Kingine kinachowaangusha ni marejeo. Mashine hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na marejeo nayo ni maneno: jina linalofanana na la msomi, mwaka, jarida ambalo kweli lipo, kurasa. Unalifungua jarida, kwenye kurasa hizo kuna makala ya mtu mwingine kuhusu jambo jingine kabisa. Juni 2023 huko New York, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine kama kesi zile ni za kweli. Ikamwambia ndiyo.

Basi mfanyeje? Someni kwanza maelekezo ya kozi; mwalimu mmoja anakataza akili mnemba kabisa, mwingine anakubali mradi useme. Itumie ikueleze nadharia ambayo kwenye desa hukuielewa, kisha rudi kitabuni. Iambie ikuulize maswali ya mtihani, ujibu wewe. Andika rasimu yako, hata kwa Kiingereza cha kuchechemea, ndipo uiombe ikuonyeshe makosa ya sarufi, uyarekebishe mwenyewe. Chanzo ambacho hujakifungua usikiandike. Mahojiano ya watu usiyabandike humo: uliwaahidi usiri kwenye fomu ya ridhaa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ina ya kwake tangu 2019. Taja kwenye kazi ni programu gani uliitumia na kwa lipi. Tunza rasimu zenye tarehe. Google Docs huzitunza bila kuombwa.

Ukisingiziwa, usibishane na namba. Peleka rasimu, peleka madaftari, omba uhojiwe ana kwa ana juu ya kazi yako. Na wewe uliyekwisha lipa steshenari wakushushie, tena unakusanya Ijumaa, rudi kwenye rasimu ya kabla, uilete hiyo na makosa yake yote. Huna rasimu ya kabla? Omba kuongezewa muda leo.