Utayari uko miguuni

Sisi wa mashariki mwa Kongo neno "utayari" tunalijua vizuri. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, waliokuwa na viatu karibu na kitanda walitoka haraka. Siku tano baadaye, wakuu walipoamuru sehemu ya mji wa Goma ihame, watu walijaa kwenye njia ya Sake, na wengine wakavuka kwenda Rwanda. Vita nayo imetufundisha kuweka mfuko mdogo nyuma ya mlango, wenye karatasi za watoto.

Huo ni utayari wa kukimbia, nao si dhambi. Lakini Paulo, anapotaja silaha za Mungu katika Waefeso 6, anazungumzia utayari mwingine, na anauweka miguuni, kama viatu. Ni utayari wa kumwendea mtu na Injili ya amani, hata pale miguu inapopenda kwenda upande mwingine.

Tunaupata wapi? Katika kujikabidhi kwa Mungu. Mahubiri juu ya kutoa tunayasikia kila Jumapili. Juu ya kujitoa, ni machache. Na wengi wanadhani aliyejikabidhi haogopi tena. Tumtazame Bwana wetu kule Gethsemane. Mathayo 26 inasema aliomba mara tatu, akitamani kikombe kimwepuke, na kila mara akamwachia Baba neno la mwisho. Basi anayelia akiomba hajakosa imani.

Usiku ule ule, kabla ya bustani, alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni na kuosha miguu ya wanafunzi, kazi ya mtumwa. Luka anatuambia kwamba mezani walibishana nani aliye mkubwa. Yuda naye alikuwepo; miguu yake iliingia katika beseni lile lile. Yohana anaeleza kwamba Yesu alifanya hivyo akijua alikotoka na anakokwenda. Anayejua yeye ni wa nani, beseni halimpunguzii heshima.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wengine hulinyamazia. Kujikabidhi kwa Mungu si kumwachia mwanadamu akutese. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la msalaba. Yesu aliosha miguu kwa hiari yake, hakuna aliyemshurutisha.

Huduma ya namna hii mara nyingi haifanywi na wenye kushika mikro. Mwaka ule wa volkano, jamaa nyingi zilipokea wageni katika nyumba ambazo tayari zilikuwa ndogo. Siku za kwanza ni rahisi: kuna nyimbo, kuna maharage. Baada ya juma moja bidoni za maji hazitoshi, choo kinajaa, mama wawili wanagombana kwa ajili ya sufuria moja. Ni hapo ndipo anayetumikia kwa ajili ya sifa huaga, na mwingine, bila kupigwa picha, hutafuta jembe na majivu.

Tunapendekeza jambo dogo kwa makanisa yetu. Wazee wa kanisa watengeneze orodha ya kazi zisizopendwa: kusafisha choo walikolala wageni, kukesha na mgonjwa asiye na ndugu, kuchimba kaburi la mtu asiyejulikana. Isomwe baada ya ibada, na mchungaji aandikishe jina lake kwanza.