Sheria Iliyojenga Viwanda Ikakosa Watetezi

Sera ya viwanda ni utaratibu ambao serikali hutumia kuchagua sekta inazotaka zikue, kisha kuzisaidia kwa fedha, kodi na kanuni. Nchini Marekani, ambako utaratibu huo ulitiliwa shaka kwa miongo kadhaa, ulirejea kwa nguvu Agosti 16, 2022, Rais Joe Biden alipotia saini Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, iliyokadiriwa wakati huo kuelekeza takriban dola bilioni 369 kwenye nishati na tabianchi.

Wanasiasa wa mrengo wa kushoto, ambao Februari 2019 waliwasilisha azimio la Green New Deal kupitia mbunge Alexandria Ocasio-Cortez na seneta Ed Markey, walitaka uwekezaji mkubwa wa umma. Hata hivyo, katika Seneti iliyogawanyika nusu kwa nusu, hakuna kilichoweza kupita bila kura ya seneta wa Democrat Joe Manchin wa West Virginia, jimbo la makaa ya mawe, hivyo kilichopitishwa kikawa hasa nafuu ya kodi, yaani punguzo la kodi anayodaiwa mwekezaji aliyejenga mtambo wa umeme wa jua au upepo, au aliyetengeneza betri. Madai ya vyama vya wafanyakazi yaliingia kama masharti, kwani mradi mkubwa uliolipa ujira wa kiwango cha eneo husika na kuajiri wanagenzi ulistahili nafuu mara tano ya ile ya mradi usiofanya hivyo.

Watetezi wa sheria waliamini kwamba viwanda vingejilinda vyenyewe, kwa kuwa vingi vilielekea katika maeneo ya chama cha Republican, kikiwemo cha paneli za sola kilichopanuliwa mjini Dalton, Georgia. Kweli, Agosti 2024 wabunge 18 wa chama hicho walimwandikia Spika wakipinga kufutwa kwa nafuu zote. Lakini Julai 4, 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyositisha nafuu ya hadi dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme na kufupisha muda wa miradi ya jua na upepo kustahili nafuu, huku nafuu ya watengenezaji wa betri ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Kilichookolewa, basi, ni kile kilichokuwa na kampuni nyuma yake, ilhali mwananchi, ambaye nafuu nyingi zilimfikia zikiwa zimezama katika hesabu za wawekezaji, hakuwa na mengi bayana ya kupigania.

Jimbo la New York lilijaribu njia nyingine mwaka 2023, lilipoipa mamlaka yake ya umma ya umeme idhini pana zaidi ya kujenga na kumiliki mitambo ya nishati jadidifu. Umiliki huo humpa mpigakura mali anayoweza kuitambua kuwa yake, ingawa gharama za mitambo hiyo nazo zilipangwa kupunguzwa kwa nafuu zilezile za serikali kuu ya Washington, ambazo bunge linaweza kuzifuta. Kwa hiyo mali ya umma katika jimbo moja haiwezi kuchukua nafasi ya wingi wa kura bungeni.