Tundu la mfuko: kuunga mbao bila kupita miaka minne kwa fundi

Juzi mdogo mmoja wa promosyo ya mwisho aliona picha ya etajere yangu ya vitabu, akaniandikia: "Yaya, iko bei gani?" Nikamwambia haiuzwi. "Sasa unatengeneza ya nini?" Kwetu Bukavu, mwenye lisansi akionekana na msumeno mkononi, watu wanafikiri mambo mawili tu: ao kazi imekosekana kabisa, ao ameanza biashara. Kufanya kazi ya mbao jioni kwa sababu unaipenda, kisha kitu kibaki ndani ya chumba chako mwenyewe, hiyo haina hata jina. Mimi ninaifanya tangu miaka mitatu hivi, na leo ninataka kueleza njia iliyoniwezesha kuanza.

Shida yote ya useremala iko kwenye kuunga. Kukata ubao ukanyooka, mtu anaweza kujifunza kwa wiki mbili. Lakini kufanya mbao mbili zishikane kwenye kona na zisichezecheze, hapo njo kuna kazi. Njia ya wazee ni ulimi: unachonga mwisho wa ubao mmoja, unachimba tundu kwenye ubao wa pili, ulimi unaingia kwa kubana, unatia gundi, basi. Njia hiyo ina nguvu sana. Ila ulimi ukiwa mwembamba kwa milimita moja tu, meza itacheza maisha yake yote, na ile milimita fundi aliilipa kwa miaka ya kufagia karakana ya mtu mwingine. Njia ya haraka ni msumari. Huo mnaujua: baada ya misimu miwili ya mvua unatoa kichwa na kushika suruali za watu.

Tundu la mfuko liko katikati ya hizo mbili. Ninaliita hivyo kwa sababu linafanana na mfuko wa suruali, ule uliokatwa kwa mshazari. Unachukua ubao wa kwanza, unatoboa upande wake wa nyuma, karibu na mwisho, kwa pembe ndogo ya digrii 15 hivi. Meshi yake ina ngazi: sehemu nene ya milimita 9.5 inachimba mfuko, na ncha nyembamba mbele yake inafungua njia ya visi hadi mwisho wa ubao. Kichwa cha visi kinakaa ndani ya mfuko, kwenye ile ngazi, na visi yenyewe inatokea katikati ya unene na kuingia ubao wa pili. Ukikaza, mbao mbili zinavutana.

Ili pembe isibadilike unahitaji gabari, yaani kielekezi chenye mirija ya chuma ambamo meshi inapita. Kielekezi kinafanya ile kazi ambayo mkono wa fundi ulijifunza polepole. Wazo la visi ya mshazari ni la zamani. Meza za kale za Ulaya ziliwekewa juu yake kwa visi zilizofichwa namna hiyo, mfuko ukichimbwa na patasi. Kilichobadilika ni kielekezi. Mwaka 1986, kule Iowa, Marekani, fundi wa vyombo vya chuma aitwaye Craig Sommerfeld alikuwa anatengeneza makabati ya jikoni ya nyumba yake, akajiundia kielekezi cha alumini na chuma. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya Kreg, na leo viwanda vingi vinatengeneza vya kufanana. (Sisi wa agronomia tunaijua Iowa kwa mahindi tu. Sasa ongezeni na hii.)

Lakini kwa nini inashika? Wengi wanafikiri ni pembe, ao ni visi ya bei kali. Jibu liko kwenye nyuzi za mbao, na hapa wale waliowahi kutazama kipande cha shina chini ya darubini watanielewa haraka. Ubao ni fungu la mirija iliyolala kuelekea urefu. Ukiingiza visi kwenye mwisho wa ubao, pale unapoona vinywa vya mirija, visi inapita sambamba na nyuzi. Meno yake yanakata vipande vifupi vifupi ambavyo havina cha kushikilia, na kwa nguvu kidogo inatoka na unga wake. Ukiingiza visi kwa ubavu, meno yanakata mirija kwa kuivuka, na kila uzi unaizuia. Tundu la mfuko limepangwa ili visi itoke kwenye mwisho wa ubao wa kwanza na kuuma ubavu wa ubao wa pili. Kwa hiyo mifuko inachimbwa kwenye ubao ule ambao mwisho wake unagusa mwenzake, haichimbwi kwenye huyo mwenzake. Ukigeuza, umefanya msumari wa bei ghali.

Vipimo si vingi. Ubao wa milimita 19 unataka visi ya milimita 32. Ubao wa milimita 38 unataka ya 64. Mbao laini zinataka visi yenye meno makubwa yaliyoachana. Mbao ngumu zinataka meno madogo yaliyokaribiana, na kusugua visi kwenye kipande cha sabuni kunasaidia isikatike njiani. Kabla ya kukaza, bana mbao zote mbili kwa kibanio, maana visi ya mshazari inapenda kusukuma ubao uteleze, na ukikuta sura mbili hazilingani utarandа hadi usiku. Umeme wetu mnaujua. Mashini ya betri inajazwa siku umeme unapokuja na inatosha etajere nzima.

Sasa niseme kitu ambacho video nyingi zinaruka, labda kwa sababu kule mbao inanunuliwa imekwisha kukaushwa kwenye tanuri. Hapa kwetu ubao wa mikaratusi unaweza kufika sokoni ukiwa bado unatoa maji. Mbao ikikauka haipungui sawasawa. Kwa urefu karibu haibadiliki, chini ya nusu ya 1 kwa 100. Kwa upana, aina nyingi zinaweza kupungua kati ya 5 na 10 kwa 100 kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Chukua meza ya upana wa sentimeta 60 iliyotengenezwa na mbao ya unyevu wa asilimia 20, iweke ndani hadi ifike 12: inaweza kupoteza sentimeta 1 ya upana. Kama uliifunga imara kwa visi za mshazari kwenye fremu yake, fremu inakataa kupungua, meza inataka kupungua, na kitakachoamua ni ufa. Jirani mmoja aliita watu waje kusikia meza yake inalia usiku. Walizungumza juu ya wachawi kwa juma zima.

Kupima unyevu hakuhitaji chombo cha pesa nyingi. Ni ile hesabu ya udongo tuliyofanya kwenye labo. Kata kipande, kipime, kikaushe kwenye tanuri la digrii 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi na ugawe kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 260 kikibaki 200, maji ni 60 juu ya 200: asilimia 30, mbao bado ni mti. Usiye na tanuri, panga mbao zako chini ya paa, kati yake uweke vijiti ili hewa ipite, na kila juma upime ubao mmoja kwa mizani ya duka. Uzito ukikaa palepale majuma matatu, mbao imepatana na hewa ya hapa. Mimi ninanunua mwezi wa tano mwishoni na kuacha miezi ya kiangazi ifanye kazi yake. Grevilea ninaipenda zaidi kuliko mikaratusi kwa vitu vya ndani: inakubali meshi vizuri, na sura yake ina madoa yanayong'aa.

Kwa juu ya meza, basi, usifunge imara. Tumia vipande vidogo vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu, ili juu iteleze inapopungua. Tundu la mfuko libaki kwenye fremu, kwenye etajere, kwenye kabati, kwenye meza ya kusomea.

Na lisiende kwenye kila kitu. Mwaka jana dada yangu mkubwa aliniomba kitanda cha ghorofa kwa watoto wake wawili. Mbao ilikuwepo, visi zilikuwepo, na wote nyumbani walikuwa wameona etajere inasimama. Nilikataa, na akakasirika kidogo. Etajere inabeba uzito unaoshuka wima na unakaa kimya. Kitanda cha ghorofa kinatikiswa kwa ubavu kila mtoto anapopanda, kila usiku, na kila mtikisiko unafanya visi ipande na kushuka kidogo ndani ya tundu lake mpaka tundu linapanuka. Hauoni kitu kwa nje, kwa sababu mifuko imefichwa. Kiti nacho ni hivyo hivyo, maana watu wazima wanaegemea nyuma na kuinua miguu miwili ya mbele. Nilimpeleka dada kwa mzee fundi wa avenue yetu. Mzee aligeuza moja ya mbao zangu, akatazama mfuko, akaingiza kidole. "Agronomu, hii iko muzuri kwa kuvuta. Lakini kwa kutikisa, nani anaizuia?" Alifanya kitanda chote kwa ulimi, na misumari ya mbao ikipita kati ya kila ulimi. Nilikaa naye siku mbili nikimshikia taa, na alinionyesha namna ya kunoa patasi, kitu ambacho gabari yangu haikifanyi.

Kwa hiyo pia sichukui komande za majirani. Wakiniuliza ninawatuma kwake. Huyo mzee analipa minervali ya watoto na zile meza, na mimi ninatengeneza kwa raha yangu. Nikianza kushindana naye kwa bei kwa sababu nina mashini ya betri, nitakuwa nimeharibu vitu viwili kwa mara moja.

Anayetaka kuanza asinunue vyote. Kielekezi cha tundu moja, meshi yake ya ngazi, kibanio kimoja na msumeno mzuri vinatosha. Angalieni visi. Zile nyeusi za kufungia plafo, zinazojaa sokoni Kadutu, zina kichwa cha koni. Ukikaza, koni inafanya kazi ya shoka na kupasua ukuta wa mfuko. Kichwa kinapaswa kuwa bapa kwa chini. Kama hamzipati zenyewe, chukueni visi za kichwa cha mviringo zenye urefu unaofaa na rondela ndogo inayoingia kwenye mfuko wa milimita 9.5. Pelekeni kipande cha mbao chenye tundu tayari hadi dukani, mjaribu rondela palepale kabla ya kulipa.