Mashine Haivuti Maji? Msinuniane!

Mume wangu alitaka tuiuze mashine ya kuoshea vyombo (wanaume na kuuza vitu, jamani!). Nikakataa katakata.

Hapa kwetu Maganzo, maji yakikatika na kurudi huja na mchanga, unaoweza kuziba kichujio cha valvu ya kuingizia maji. Basi tukachomoa umeme, tukafunga koki, tukafungua mpira. Kichujio safi! Fundi akapima koili ya valvu: imekufa.

Yetu ilishikwa na skrubu mbili tu. Piga picha nyaya kabla hujazichomoa, na valvu mpya ilingane na ya zamani, hata volti. Maji yakiingia hata mashine ikiwa imezimwa, hapo valvu haifungi.

Ugomvi uliobaki ni nani apange vyombo. Mimi nimepika, baba watoto apange.